Uchambuzi wa kisa: Jay Hammond, mvuvi wa Naknek aliyetaka kila mwananchi awe na hisa

Ukimuuliza mtu yeyote mbunge wa kijijini anafanya kazi gani atakujibu bila kufikiria, anazika, anachangia harambee, anapiga kelele bungeni kuhusu barabara na zahanati, muda ukiisha anarudi na pikapu ya T-shirt kuomba tena. Sio uongo, wengi ndo hivyo. Ila leo nataka tumchambue mmoja wa porini kweli kweli, sehemu ambayo mpaka leo barabara ya kukufikisha mjini haipo, ambaye alikaa bungeni na wazo moja tu kichwani, wazo lenyewe wapiga kura wake walilikataa, akalizungusha, akalipamba, mwisho likaja kuwa sheria ya jimbo zima na watu wanakula hela yake mpaka leo. Halafu pia nataka tuangalie pale alipochemka, maana kisa cha mwanasiasa anayesifiwa mwanzo mwisho hakina cha kuchambua.

Jamaa anaitwa Jay Hammond, jimbo ni Alaska. Kwa wasiofuatilia siasa za Marekani, kila jimbo kule lina bunge lake mwenyewe, na majimbo karibu yote (ukitoa Nebraska) yana nyumba mbili (ya wabunge na ya maseneta), lina bajeti yake, kodi zake, sheria zake, halina uhusiano na lile la Washington tunaloona kwenye taarifa ya habari. Alaska ina wabunge 40 na maseneta 20. Eneo lake ni karibu mara mbili ya Tanzania, na mwaka 1960 watu wote walikuwa kama 226,000 hivi, yaani jimbo la uchaguzi la huko porini unaweza kulizunguka kwa ndege siku nzima na usimalize wapiga kura wako.

Hammond hakuzaliwa huko. Alizaliwa Troy, New York, 1922, baba yake mchungaji wa Methodisti. Vita vya pili vikamkuta chuoni, akaenda kuwa rubani wa ndege za kivita wa Marine huko Pasifiki, na 1946 vita imeisha akaamua kuhamia Alaska. Akasoma biolojia chuo kikuu cha kule Fairbanks, akafanya kazi na idara ya serikali kuu ya samaki na wanyamapori, akawa rubani wa porini, muongoza wawindaji, na mvuvi. 1952 akamuoa Bella Gardiner, mwenyeji wa Bristol Bay, ghuba ya kusini magharibi mwa Alaska, mwenye damu ya Wayup'ik, kabila la wenyeji wa asili, wakawa na makazi Naknek, kijiji cha watu mia chache mdomoni mwa mto, na baadaye wakajenga pia nyumba yao ya magogo kando ya ziwa Lake Clark. Mtu wa kuja, lakini kaoa pale, anavua pale, anaishi maisha ya pale. Hii ni muhimu, tutarudi hapo.

Sasa ili uelewe siasa yake lazima uielewe Bristol Bay, na hapa naomba tukae kidogo maana bila hiki kipande mengine yote hayana maana.

Bristol Bay ndo penye samaki aina ya salmoni mwekundu, sockeye, wengi kuliko sehemu yoyote duniani. Wanakuja kwa mkupuo, wiki chache za mwezi wa 6 na wa 7, wakipita wamepita. Viwanda vya makopo vilikuwa vya matajiri wa Seattle na San Francisco. Msimu ukikaribia meli na ndege zinashusha wavuvi na vibarua kutoka nje, wanavua, wanasindika, mwezi wa 8 hao wanaondoka na hela yao. Na sheria za wakati wa utawala wa Washington zilikuwa za ajabu, mpaka 1951 boti ya injini ilipigwa marufuku kuvua salmoni pale, ni tanga tu, wakati dunia nzima iko kwenye injini! Wenye viwanda walikuwa wanamiliki hizo boti za tanga kwa mamia, kwa hiyo mvuvi wa pale ni mtumwa wa boti ya kiwanda. Samaki wakapungua vibaya mwanzoni mwa miaka ya 50, mpaka serikali kuu ikatangaza janga la uvuvi 1953.

Kwa hiyo picha ni hii: kijiji kimekaa juu ya utajiri, na wanakijiji masikini. Shule mbovu, huduma hakuna, hela inapita mbele ya macho yao kila mwaka kwenda mji ambao hawajawahi kufika. Waliokuwepo Mtwara mwaka 2013 wakati wa "gesi haitoki" hawahitaji kuelezewa hisia hii.

Alaska ikawa jimbo kamili tarehe 3 Januari 1959. Hammond aligombea ubunge kwenye uchaguzi wa 1958 kama mgombea binafsi, bila chama, akashinda, akaingia bunge la kwanza kabisa la jimbo. Fikiria bunge ambalo halina hansadi ya jana, kila kitu mnaanzisha nyie. Baadaye akaingia Republican, kwa sababu mgombea binafsi bungeni hana kamati, hana mtu wa kumuunga mkono, anabaki kupiga porojo. Juneau, makao makuu, nako hakuna barabara ya kuingia, ni ndege au meli tu, kwa hiyo mbunge akienda kwenye kikao ameondoka kweli, haponyoki wikiendi kurudi jimboni.

Alikaa mpaka 1965, akaachia, akarudi Naknek. Na hapa ndo kisa kinaanza, maana kazi aliyoenda kuifanya ni ndogo kwenye karatasi: kuongoza halmashauri ya Bristol Bay, kwanza kama mkurugenzi, na miaka ya 70 mwanzoni kama meya. Bristol Bay ndo ilikuwa halmashauri ya kwanza kuundwa Alaska, 1962. Watu wachache, kasma ndogo.

Akiwa hapo akaja na pendekezo lake. Tuweke ushuru wa asilimia 3 kwenye samaki wote wanaovuliwa hapa. Hela isiliwe na halmashauri, iwekwe kwenye mfuko wa uwekezaji, na kila mkazi apate hisa kwa kila mwaka anaokaa, hisa zinazaa gawio. Akaiita Bristol Bay kampuni, wanakijiji ndo wanahisa. Hesabu yake ilikuwa rahisi, sehemu kubwa mno ya samaki inavuliwa na watu wa nje, kwa hiyo kwa kila dola ambayo mwenyeji atakatwa, wageni watakatwa dola nyingi, na zote zinarudi kwa mwenyeji.

Wakamkatalia.

Wanakijiji wenyewe, wale wale wanaolalamika kila siku kwamba hela inaondoka. Kwa nini? Kwa sababu walisikia neno "ushuru" wakafunga masikio. Asilimia 3 ya samaki wangu? Niko masikini halafu unanikata? Mtu hapigi hesabu ya gawio la miaka kumi ijayo, anapiga hesabu ya ijumaa hii. Na sidhani walikuwa wajinga, naomba nisieleweke vibaya, mtu ambaye ameibiwa na kila aliyekuja na karatasi ana haki ya kuiogopa karatasi ya kumi na moja hata kama hiyo moja ni ya kweli.

Kilichofuata ndo kinanifanya nimheshimu huyu mzee kama fundi wa siasa. Hakuwatukana, hakuandika makala kwamba wananchi hawaelewi. Alirudi na pendekezo lile lile likiwa na vazi jipya: mkikubali ushuru wa asilimia 3 wa samaki, tunawafutia kodi ya majengo ya nyumba zenu. Basi, wakapiga kura ya ndio. Ushuru ule ule waliokataa! Halmashauri ikaanza kuingiza hela, na kwa idadi ya watu wake ikaja kuwa miongoni mwa zenye uwezo mkubwa nchini.

Lakini angalia kilichopotea njiani. Hisa zilikufa. Mfuko wa wananchi ulikufa. Kilichobaki ni ushuru wa kawaida wa halmashauri, kama ushuru wa korosho au kahawa tunaoujua sisi, hela inaingia kwenye kapu la serikali ya mtaa na wakubwa wanapanga. Alishinda kura akapoteza nusu ya wazo. Na mimi nadhani alijifunza vitu viwili pale Naknek ambavyo alivibeba maisha yake yote: kwanza, kanuni haiuzi, kinachouza ni unafuu ambao mtu anauona mfukoni, pili, hela ikishakaa kwenye kapu la serikali haitoki tena kwenda kwa mtu mmoja mmoja. Masomo yote mawili yana meno, na la kwanza lilikuja kumng'ata mwenyewe.

Uchaguzi wa 1966 akashinda useneta, akaanza 1967, akakaa mpaka mapema 1973, na miaka miwili ya mwisho akawa Rais wa Seneti. Akiwa humo ndo mambo ya Alaska yakapinduka. 1968 mafuta yakagunduliwa Prudhoe Bay, kaskazini kabisa. Septemba 1969 jimbo likapiga mnada vitalu, kwa siku moja likapata dola milioni 900. Siku moja! Hizo ni bajeti kadhaa za jimbo za wakati ule. Na ndani ya miaka michache hela ikawa imekwisha. Sio kwamba iliibiwa, ilitumika tu, shule, barabara, mishahara, kila mbunge ana kamradi kake, lakini wananchi wakabaki wanaulizana ile milioni 900 iko wapi. Hilo swali ndo lilimpa Hammond wateja kwa wazo lake la samaki. Naknek tatizo lilikuwa hakuna aliyewahi kuona hela ya umma ikipotea. Sasa jimbo zima limeiona ikipotea.

1974 akagombea ugavana. Hebu ona orodha ya aliowapiga. Kwenye mchujo wa chama alimwangusha Walter Hickel, gavana wa zamani na aliyekuwa waziri wa ardhi na maliasili wa Rais Nixon. Kwenye uchaguzi mkuu akamwangusha Bill Egan, gavana aliyeko madarakani, ambaye ndo alikuwa gavana wa kwanza wa jimbo, kwa tofauti ya kura 287. Mia mbili themanini na saba jimbo zima. Watu wa mjini walimuita mpinga maendeleo, maana bomba la mafuta la kilomita kama 1,300 mpaka bandari ya Valdez kusini lilikuwa ndo linaanza kujengwa, vijana wanamiminika, hela inamwagika, yeye anasema twendeni taratibu. Miaka minne baadaye Hickel akarudi kulipa kisasi kwenye mchujo, Hammond akampita kwa kura 98! Mtu ambaye kazi yake yote ilining'inia kwenye kura 385 ukizijumlisha, halafu unasikia mtu anasema kura yangu moja haina maana.

Ugavana wake nitaupitia kwa kuchagua. Kuna kitu watu wa mijini hawakitaji sana ila vijijini ni kikubwa: watoto wa vijiji vya wenyeji walikuwa wakimaliza msingi hawana sekondari, wanapelekwa bweni mbali, wengine mpaka Oregon na Oklahoma, huko nchi ya kusini kabisa kwa macho ya mtoto wa kijiji cha Alaska kama Emmonak. Kesi ilikuwa mahakamani tangu 1972, serikali ya jimbo inabishana. 1976 chini ya Hammond serikali ikakubali kumalizana nje ya mahakama, sekondari kujengwa kwenye vijiji 126 kama wanavijiji wanaitaka. Kwa mtu ambaye binti zake ni wa ukoo wa mama wa Bristol Bay, naamini hii haikuwa faili tu mezani, ingawa hilo ni maoni yangu.

Na kuna alipopotea wazi wazi. Mradi wa shayiri wa Delta, mwishoni mwa miaka ya 70, serikali ikafungua msitu maelfu ya ekari ili Alaska ilime nafaka ya kuuza nje, yaani wajiandae na siku mafuta yakiisha. Nia nzuri, hesabu mbaya. Wakulima wakabebeshwa mikopo, bei ikashuka, usafirishaji haukueleweka, miaka ya 80 mradi ukasambaratika. Kinachochekesha ni kwamba mtu aliyekuwa haamini serikali kupanga hela ya watu ndo huyo huyo serikali yake ikapanga kilimo.

Haya, turudi kwenye mfuko. 1976 wananchi wakapiga kura kubadilisha katiba: angalau asilimia 25 ya mrabaha na mapato mengine ya vitalu vya madini yanaingia kwenye mfuko wa kudumu, na mtaji wake haugusiki, ni wa kuwekeza tu. Ilipita kwa kama wawili dhidi ya mmoja, 75,588 kwa 38,518. Hammond mwenyewe alitaka asilimia 50, bunge likampa nusu. Ona kwamba hapo bado hakuna gawio, ni kibubu tu kilichofungwa na katiba. Hela ya kwanza ikaingia 1977, dola 734,000, kiasi cha kuchekwa.

Gawio lilichukua miaka mingine. Mpango wake wa 1980 ulikuwa ule ule wa Naknek, hisa kwa miaka ya ukazi: dola 50 kwa kila mwaka uliokaa Alaska tangu 1959. Mzee wa tangu mwanzo anapata 1,050, aliyekuja mwaka jana anapata 50. Mke na mume, wanasheria, wageni wageni kiasi, wakaenda mahakamani wakisema huu ni ubaguzi wa raia, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 1982 majaji 8 kwa 1 wakaifuta. Hammond aliumia, maana wazo lake la mwanahisa mkongwe lilikuwa ndo moyo wa jambo. Lakini bunge lilikuwa limeandaa sheria mbadala: wote sawa, mzee, mtoto mchanga, tajiri, masikini, ilimradi una makazi ya miezi 6. Cheki za kwanza, dola 1,000 kila mtu, zikatoka Juni hiyo hiyo. Mimi nasema waliomshinda mahakamani walimfanyia fadhila. Gawio la wakongwe lingezalisha matabaka mawili, na nusu ya watu wa jimbo wangelichukia, wakati gawio la wote likapata walinzi wote.

Na kulinda ndo ilikuwa shabaha yake toka mwanzo, hakuificha. Alisema kila mtu akiwa na cheki yake, mwanasiasa akinyoosha mkono kwenye mfuko atapigwa kelele na jimbo zima. Ilifanya kazi. 1999 serikali ikauliza wananchi je tuchukue sehemu ya faida ya mfuko kuendesha serikali, asilimia 83 wakasema hapana. Mfuko leo una zaidi ya dola bilioni 70. Kwenye vijiji ambako petroli inaletwa kwa jahazi la mizigo au ndege na lita moja ni bei ya kulia, cheki ya mwezi wa 10 sio hela ya krismasi, ni mafuta ya injini ya msimu mzima.

Sasa ubaya wake. 1980, mwaka ule ule wa sheria ya gawio, bunge likafuta kodi ya mapato ya jimbo. Hela ya mafuta ipo, ya nini kodi? Hammond alipinga, akasaini shingo upande, na mpaka anakufa 2005 huko kwake Lake Clark alikuwa anasema lilikuwa kosa kubwa. Hoja yake ilikuwa kwamba mwananchi asiyelipa kodi hajali serikali inatumiaje. Sawa, lakini mzee, hiyo tabia nani aliifundisha? Naknek uliwaambia nipeni ushuru niwafutie kodi, na ilipita kwa sababu ya kufutiwa, sio kwa sababu ya ushuru. Ukishamzoesha mpiga kura kwamba siasa ni kuondolewa gharama na kuwekewa kitu mfukoni, huwezi kumchagulia ni gharama ipi aombe kuondolewa. Watetezi wake wanasema hakuwa na jinsi, kodi ingefutwa tu hata akikataa, na nakubali uwezekano huo, ila naona mstari mmoja unatoka pale kijijini mpaka Juneau na sioni namna ya kuukata.

Matokeo yake ni kwamba jimbo likabaki na mguu mmoja, mafuta. Bei ilipoporomoka 2014 na 2015 bajeti ikatoboka. 2016 gavana Bill Walker akatumia kalamu kukata hela ya gawio karibu nusu, watu wakapata dola 1,022 wakati hesabu ya sheria ilikuwa kama dola 2,052. Seneta Bill Wielechowski wa Anchorage akaishtaki serikali, akisema sheria ya gawio inasema hela itoke yenyewe. 2017 Mahakama ya Juu ya Alaska ikamjibu: mtaji wa mfuko ndo umeandikwa kwenye katiba, gawio liko kwenye sheria ya kawaida, kwa hiyo lazima bunge liliidhinishe kila mwaka kama fungu lingine lolote la bajeti. Tangu hapo kila kikao cha Juneau kinakwama kwenye swali moja, mwaka huu cheki ni shilingi ngapi, na kuna wabunge wa vijijini ambao wanaingia na kutoka bungeni kwa ahadi hiyo tu, gawio kamili, hata kama shule iliyojengwa kwa makubaliano ya 1976 paa lake linavuja na hela ya ukarabati inatoka kapu hilo hilo.